Ahadi ni Deni kwa Kila Lugha

Vijana wanaomaliza shahada za uhusiano wa umma, wawe wa SAUT Mwanza, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Daystar kule Nairobi, huniuliza swali moja kwa namna mbalimbali: niongeze lugha gani ili nipate kazi ya ushauri? Kifaransa, kwa kuwa Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki? Kichina, kwa sababu ya wakandarasi? Kiarabu, kwa sababu ya fedha za Ghuba? Swali lina msingi. Kongo ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya Aprili 2022, na miezi miwili kabla ya hapo Umoja wa Afrika ulikuwa umekipokea Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi. Julai mwaka huohuo Baraza la Mawaziri la Uganda nalo likaamua Kiswahili kiwe lugha rasmi. Soko la mtu anayeweza kuzungumza na waziri Kinshasa, mwekezaji Paris na wazee wa kijiji Kiteto limepanuka kweli. Lakini nimeifanya kazi hii muda wa kutosha kuona kwamba wengi wetu tunaifanya nusu, tukalipwa nzima, na nusu inayoachwa ndiyo iliyokuwa na thamani.

Kwa asiyeijua: mshauri elekezi wa mawasiliano na masuala ya umma hukodiwa na kampuni, wizara, shirika la kimataifa au asasi yenye jambo linalohitaji ridhaa ya watu, liwe mgodi, barabara, sheria mpya au chanjo. Hupewa hadidu za rejea, husoma siasa za mahali, hujua nani ana usemi na nani ana muhuri, huandika hotuba na taarifa kwa vyombo vya habari, humwandaa mkurugenzi kwa maswali ya kamati ya Bunge, hupanga mikutano ya wadau. Asubuhi yake huanza na Mwananchi na The Citizen, na mteja akiwa na shughuli Kongo huongeza Jeune Afrique, kisha makundi ya WhatsApp ambako habari hufika kabla ya gazeti. Wengi wetu tumetokea kwenye utangazaji, hasa idhaa za Kiswahili za nje. Wengine kwenye ukalimani, wengine serikalini. Malipo ni ada ya mwezi au kwa kazi. Mwenye lugha nyingi hulipwa zaidi, maana humwokolea mteja gharama ya kuajiri mtu katika kila nchi.

Ili kuona kazi hii inavyotakiwa kuwa, chukua mfano wa bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, EACOP. Linaanzia Kabaale, wilayani Hoima, Uganda, na kuishia Chongoleani, Tanga. Urefu wake ni kilomita 1,443, na kati ya hizo 1,147 ziko Tanzania, katika mikoa minane kuanzia Kagera hadi pwani. Mafuta ya Ziwa Albert yana nta nyingi na huganda yakipoa, kwa hiyo bomba lazima lipashwe joto njia nzima. TotalEnergies ya Ufaransa ina hisa asilimia 62, mashirika ya mafuta ya Uganda na Tanzania, UNOC na TPDC, asilimia 15 kila moja, na CNOOC ya China asilimia 8. Sasa hesabu lugha. Mwenye hisa nyingi kuliko wote anafikiri kwa Kifaransa na kuandikiana na wenzake kwa Kiingereza. Mikataba na serikali iko kwa Kiingereza. Mkutano wa kijiji Muheza ni wa Kiswahili, wa Hoima ni wa Kinyoro. Kule Kiteto mgeni atahutubia kwa Kiswahili na atajibiwa kwa Kiswahili, lakini wazee wataondoka wakajadiliane kwa Kimaasai, na uamuzi utatoka huko.

Uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ulitangazwa Kampala tarehe 1 Februari 2022. Tarehe 15 Septemba mwaka huo Bunge la Ulaya likapitisha azimio la kuukosoa mradi kwa sababu za haki za binadamu na mazingira, na Bunge la Uganda likajibu kwa ukali. Tayari mwaka 2019 asasi za Ufaransa na Uganda zilikuwa zimeishtaki Total nchini Ufaransa, kwa kutumia sheria ya 2017 inayozibana kampuni kubwa za Ufaransa zizuie madhara ya shughuli zao popote duniani. Mahakama ya Paris ililitupa shauri hilo Februari 2023. Juni mwaka huohuo wakazi 26 wa Uganda, pamoja na asasi, wakafungua jingine la kudai fidia. Maana yake ni kwamba maelezo ya mkulima wa Hoima, aliyoyatoa kwa lugha yake akiwa nyumbani kwake, huishia mikononi mwa hakimu wa Paris kwa Kifaransa.

Jambo hilo limeibadilisha kazi yetu kuliko simu za kisasa na mitandao yote ya kijamii. Zamani mshauri aliweza kuchora sura tatu za mradi mmoja. Ulaya alipeleka sura ya mazingira na viwango vya kimataifa. Dodoma au Kampala alipeleka sura ya mapato na uhuru wa nchi kutumia rasilimali zake. Kijijini alipeleka sura ya ajira, visima na zahanati. Kila sura ilikuwa na ukweli ndani yake, ila haikuwepo siku hata moja ambapo watu watatu, mmoja kutoka kila upande, walikaa wakazilinganisha. Leo wanalinganisha. Asasi ya Paris ina mtu Kampala, mtu wa Kampala ana rafiki Tanga, na kijana wa Tanga amerekodi mkutano wote kwa simu. Mteja anayesema jambo moja kwa Kifaransa na jingine kwa Kiswahili amejiandalia ushahidi dhidi yake mwenyewe.

Ndiyo maana katika kila kazi ninayopewa naanza na jedwali. Safu ya kwanza ni ahadi yenyewe. Ya pili ni nani aliitamka, ya tatu ni wapi na lini. Zinafuata safu za lugha, moja kwa kila lugha inayotumika, na humo yanaingia maneno kama yalivyotamkwa, siyo kama yalivyokusudiwa. Ya mwisho ni jina la mtu wa upande wa mteja atakayeitimiza. Safu hiyo ya mwisho ndiyo hukaa tupu muda mrefu kuliko zote, na ndiyo huleta ugomvi kwenye vikao.

Ukijaza jedwali hilo kwa uaminifu, unaona mambo ambayo ripoti hazisemi. Mfano wa ajira hurudi karibu kila mradi. Waraka wa Kiingereza unasema kwamba wakazi watapewa kipaumbele pale ambapo ujuzi unaohitajika utapatikana miongoni mwao, na kwamba nafasi nyingi ni za muda wa ujenzi tu. Muhtasari wa Kiswahili unasema wakazi watapewa kipaumbele katika ajira. Mbele ya spika, baada ya ngoma na salamu za chama, inakuwa: vijana wa hapa mtaajiriwa. Ofisini hali hiyo huitwa kosa la tafsiri. Siyo kosa la tafsiri. Aliyeshika kipaza sauti alikuwa na waraka mkononi na alijua kilichoandikwa. Aliacha masharti kwa sababu yanaharibu mkutano, diwani anataka makofi na mteja anataka saini. Mwaka mmoja baadaye kijana wa kijiji amekaa mbele ya geti la kambi ya mkandarasi na vyeti vyake vya kidato cha nne, na mlinzi hamfahamu. Yule kijana hana habari na waraka wa Kiingereza. Anajua alichoambiwa.

Hiyo ni safari ya kwenda. Safari ya kurudi ina upotevu mkubwa zaidi, na huo hauandikwi popote. Katika mkutano mmoja wa fidia, wa mradi ambao sitautaja, mama mmoja wa makamo alisimama, akafunga kanga vizuri kiunoni, akasema: "Mwanangu, mthamini alikuja akahesabu miembe na migomba yangu. Mkatuambia tusiongeze kitu shambani. Huu msimu wa pili sijapanda hata mahindi. Nile nini nikiwa nawangoja?" Mtaalamu aliyeketi meza kuu akajibu kwa adabu: "Mama yangu, suala lako tumelichukua, tunakwenda kulifanyia kazi." Watu wakapiga makofi, akapewa mwingine nafasi. Jioni ile ripoti ikaandikwa kwa Kiingereza, na swali la mama likawa sentensi moja: wananchi waliuliza kuhusu muda wa malipo na maelezo yalitolewa.

Ni sentensi isiyo na uongo hata kidogo, ila njaa imetoka ndani yake. Na kibaya zaidi, kanuni ya mradi ule, kwa mujibu wa nyaraka zake, iliruhusu mazao ya msimu mpaka notisi ya kuondoka itolewe. Kilichokatazwa kilikuwa kujenga upya na kupanda mazao ya kudumu. Mahindi yaliruhusiwa tangu siku ya kwanza. Katazo lilimfikia mama yule likiwa tupu, bila ruhusa iliyokuwa ndani yake, na swali lake, ambalo lingeifichua hitilafu hiyo kwa wakubwa ndani ya siku moja, likafishwa na ripoti. Meza kuu ilikuwa na watu wenye Kiingereza, Kiswahili na Kifaransa. Lugha zilikuwepo za kutosha. Ilichokosa ni mtu aliyejiona ana wajibu wa kulibeba neno la yule mama, likiwa na uzito wake wote, hadi kwa mkurugenzi.

Masharti hupotea njiani kwenda kijijini, machungu hupotea njiani kurudi makao makuu. Mshauri mwenye lugha nyingi yupo ili kuzuia upotevu wa pande zote mbili, na nasema kwa uchungu kwamba soko linamlipa kwa upande mmoja tu. Tazama bajeti za mawasiliano za miradi hii: mabango, vipeperushi, vipindi vya redio, fulana, mikutano. Fungu la kusikiliza ni dogo, mara nyingi limefichwa ndani ya kifungu cha ufuatiliaji na tathmini. Tazama pia nani analipwa nini. Kijana anayekaa na wazee wa Kibarbaig kule Hanang, akielezwa kwa lugha yao ni malisho gani hayagusiki na ni makaburi ya nani, hupewa posho ya siku na kuitwa mkalimani wa kijiji. Anayekaa hotelini Arusha akiyageuza maelezo ya kijana huyo kuwa kurasa kumi za Kiingereza hulipwa kwa dola na kuitwa mtaalamu. Wa kwanza ndiye aliyepata kitu ambacho mteja hakukijua.

Kongo ya mashariki ilitupa somo hili kwa gharama kubwa mno. Mlipuko wa Ebola wa Kivu Kaskazini na Ituri ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika rasmi tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua na 2,287 wakafa. Safari hii chanjo ilikuwepo tangu mwanzo, na zaidi ya watu 300,000 walichanjwa. Fedha zilikuwepo, na wataalamu wa mawasiliano walikuwa wengi kiasi kwamba Goma ilipata msongamano wa magari yenye bendera. Hata hivyo vituo vya matibabu vilishambuliwa, timu za mazishi zilipigwa mawe, na wagonjwa walijificha majumbani.

Sababu ya kwanza ilikuwa lugha, kama inavyotarajiwa. Maelekezo yalishuka kwa Kifaransa kutoka Kinshasa na Geneva. Translators without Borders walipofanya utafiti Goma mwaka 2019 walikuta watu wanataka habari kwa Kiswahili kama kinavyosemwa pale, na kwamba Kifaransa na Kiswahili cha vitabuni viliwaacha wengi nje. Beni na Butembo, lugha ya nyumbani ni Kinande. Anayedhani kwamba Kiswahili cha Dar es Salaam kinatosha kumweleza mama wa Beni kwa nini asimwoshe maiti wa mumewe hajafika Beni. Hilo lilirekebishika, na kwa kiasi fulani lilirekebishwa.

Sababu ya pili haikuwa ya tafsiri. Desemba 2018, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, tume ya uchaguzi iliahirisha kura ya Beni na Butembo hadi Machi 2019, ikitaja Ebola na usalama. Rais mpya aliapishwa Januari. Yaani watu wa miji hiyo waliambiwa kwamba Ebola inawazuia kupanga foleni ya kura, ilhali walikuwa wanapanga foleni sokoni na kanisani kila siku, na kwamba nchi itapata rais bila kura zao. Siku ya uchaguzi watu wa Beni walipanga foleni wenyewe wakapiga kura ya ishara, wakinawa mikono, ili waonyeshe kwamba inawezekana. Baada ya hapo mtu akisema Ebola ni ya wanasiasa, utamjibu kwa bango gani? Kwa lugha ipi? Mshauri wa kweli katika meza ile alitakiwa kuongea kabla ya tangazo la tume, amweleze mteja wake, awe wizara au shirika, kwamba uamuzi huu utaua imani ya watu na kwamba hakuna maneno yatakayouponya.

Kuna jambo jingine la Beni ambalo nalithamini sana. Shirika la matibabu ALIMA lilileta vyumba vya wagonjwa vyenye kuta za plastiki angavu. Kabla ya hapo, katika mlipuko wa Afrika Magharibi, mgonjwa aliingia nyuma ya turubai na ndugu hawakumwona tena mpaka walipokabidhiwa mfuko uliofungwa, na kila aina ya uvumi juu ya kilichofanyika humo ndani ulikuwa na mahali pa kuota. Katika vyumba vya ALIMA mke alimwona mumewe, akazungumza naye, akamwona daktari akimhudumia. Ukuta ule ulijibu shaka ambayo vipeperushi vya Kifaransa, Kiswahili na Kinande visingeweza kuijibu. Nikipewa kazi leo na mteja akaniuliza tuseme nini, mara nyingi jibu sahihi ni kwamba tusiseme kitu, tubadilishe kitu. Mshauri asiyethubutu kutoa jibu hilo hafai ada yake, hata akiwa na lugha sita.

Huku kwetu Tanzania tunalo jina la kihistoria kwa hofu ya watu juu ya karatasi wasiyoielewa. Kila aliyepita darasa la historia anamjua Mangungo wa Msovero na mkataba aliotiliana saini na Karl Peters mwishoni mwa 1884, karatasi ya Kijerumani iliyoitoa Usagara. Mjadala wa bandari wa 2023 ulipowaka, jina hilo lilirudi mdomoni mwa watu ndani ya siku moja. Makubaliano ya bandari baina ya serikali ya Tanzania na ya Dubai yalikuwa yametiwa saini Oktoba 2022, na Bunge likayaridhia tarehe 10 Juni 2023. Nakala ya Kiingereza ilikuwa imesambaa mitandaoni. Kuanzia hapo nchi nzima ikajadili kwa Kiswahili waraka wa Kiingereza, kila mmoja akiitegemea tafsiri ya mtu wake anayemwamini: wakili fulani, mbunge fulani, padri fulani. Ibara ya 23, ile ya muda na namna ya kuyavunja makubaliano, ikapata maana nyingi kadiri ya wasemaji. Agosti maaskofu wa Kanisa Katoliki wakatoa tamko lao la kupinga, kwa Kiswahili kinachoeleweka. Mikataba mahususi ya uendeshaji ilitiwa saini Dodoma Oktoba 2023, ikiwa ya miaka 30, na serikali ikajitahidi kueleza tofauti yake na yale makubaliano ya kwanza. Sina nia ya kuamua hapa nani alikuwa sahihi juu ya bandari. Kwa jicho la kazi yangu, maelezo ya Oktoba yalitakiwa yatolewe Mei. Watu walionyimwa maandishi kwa lugha yao hawakubaki kimya wakisubiri, waliyajaza mapengo kwa historia waliyofundishwa shuleni.

Wakenya walikwenda mbali zaidi. Juni 2024 vijana waliuchukua Mswada wa Fedha, hati kavu ya kodi na vifungu, wakaueleza kwa video fupi kwa Kiswahili, Sheng na lugha za nyumbani kwao, na kukatengenezwa hata programu ya akili bandia ya kujibu maswali ya mwananchi juu ya mswada ule. Kazi ambayo serikali ingemlipa mshauri ikafanywa bure, kwa siku chache, na kwa lugha nyingi kuliko afisi yoyote ya mawasiliano ingeweza kuzimudu. Tarehe 25 waandamanaji waliingia Bungeni, watu wakauawa, na kesho yake Rais Ruto akakataa kuutia saini mswada. Katiba ya Kenya ya 2010 inadai umma ushirikishwe katika utungaji wa sheria, na vikao vilikuwa vimefanyika. Maoni yalikusanywa. Swali la vijana lilikuwa lilelile la yule mama mwenye kanga: baada ya kutusikia, mmebadilisha nini?

Kwa hiyo wanaoniuliza kama mashine za tafsiri zitatuondoa kazini nawajibu kwamba zitawaondoa wale waliokuwa wanauza tafsiri ya taarifa kwa vyombo vya habari, na wengi wameshaanza kuondoka. Mashine haiwezi kumwambia mkurugenzi kwamba ahadi yake ni ya uongo. Wala haiwezi kuwajibika kijiji kinapouliza nani alisema vile.

Uwajibikaji huo ni mzito zaidi kwa mwenye lugha nyingi, maana mara nyingi ndiye mtu pekee chumbani anayejua kilichosemwa pande zote. Ni nafasi yenye kishawishi kikubwa. Bell Pottinger ya London ilikuwa miongoni mwa kampuni zenye nguvu kabisa katika fani hii mpaka Septemba 2017, ilipofukuzwa kwenye chama cha wenzake Uingereza na kufilisika mwezi uleule, kwa sababu ya kampeni iliyochochea chuki za rangi Afrika Kusini kwa manufaa ya kampuni ya familia ya Gupta. Watu wake hawakukosa ujuzi. Marekani ina sheria ya tangu 1938 inayomtaka anayeisemea serikali ya nje ajiandikishe, na mikataba yake husomeka na yeyote, ikiwemo ile ya serikali za Afrika zinazokodi kampuni za Washington. Umoja wa Ulaya una daftari lake la washawishi. Sisi Tanzania hatuna daftari la namna hiyo. Mshauri anaweza kuandika makala ya kumsifia mteja kwa jina la mtu mwingine, akamtembelea mbunge jioni, na asubuhi akaendesha mkutano wa wadau kama mtu asiye na upande. Vyama vyetu vya taaluma vina maadili kwenye karatasi. Naomba vianze na jambo dogo: kila mwanachama ataje wateja wake hadharani.

Nirudi kwa vijana. Mimi nazipima lugha kwa matumizi matatu. Ipo lugha unayoweza kuisomea mkataba, ibara kwa ibara, pamoja na viambatisho. Ipo lugha unayoweza kuitumia kujadiliana na mtu mwerevu kuliko wewe. Na ipo lugha ambayo mtu mwenye hasira anaweza kukufokea kwa kasi, kwa lafudhi yake, na ukaelewa kila alichosema na kilichomuuma. Kijana mwenye lugha moja katika kila fungu ana mtaji mkubwa kuliko mwenye vyeti vya lugha tano za salamu. Fungu la tatu, kwa wengi wenu, ni lugha ya bibi yenu, na mnaiacha ipotee mkikimbilia Kifaransa cha jioni. Jifunzeni hicho Kifaransa, kinahitajika Bujumbura na Kinshasa, lakini msikilipie kwa Kihaya au Kimaasai chenu. Halafu someni sheria ya ardhi, uthamini na bajeti ya serikali, kwa sababu maswali ya watu ni ya fedha na ardhi kuliko kitu kingine chochote.

Ombi langu la mwisho liko Dodoma. Tangu 2021 sheria yetu imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Mikataba inayoletwa Bungeni kuridhiwa nayo iingizwe katika utaratibu huo: tafsiri kamili ya Kiswahili, iliyothibitishwa, iwekwe hadharani siku ileile azimio linapowasilishwa, pamoja na viambatisho vyake vyote. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lipo tangu 1967, wafasiri wa sheria tunao, na gharama yake ni ndogo mbele ya thamani ya mikataba yenyewe. Na ninyi mnaotukodi, iwe Paris, Dubai, Beijing au mtaa wa Samora, tuiteni kabla hamjasaini, msingoje mpaka mkutano wa kwanza uvunjike.